Chumba Kilichosimama

Bahati, mwanangu,

Karatasi uliyochorea nyumba yako uliisahau jana karibu na mtungi wa maji. Unajua sijui kusoma herufi, lakini nyumba iliyochorwa naisoma. Nimekaa nayo tangu asubuhi. Nimeona mahali pa kuketi, nimeona jiko, na katikati nimeona kile chumba kidogo kisicho na dirisha. Sikuhitaji kumwuliza mtu ni cha nini. Kule unakokwenda, upande wa Walikale, upepo ukiingia msituni hauchagui mti wa kuangusha. Umefanya vizuri kufikiria chumba cha dhoruba kabla ya kufikiria mlango wa mbele.

Halafu nikaona alama tatu ndani ya chumba hicho, zimelala ubavu kwa ubavu kama maharagwe katika ganda. Nikamwuliza Feza.

"Papa, hii njo yeye, hii Mapendo muke yake, hii mutoto yao."

"Na mama mukwe wake? Si wanaenda naye? Upepo ikikuja, ataingia wapi?"

Akanionyesha kwa kidole alama nyingine. Ilikuwa jikoni.

Ndiyo sababu ya barua hii. Anayeshika kalamu ni Feza, mdogo wako. Tumekaa mlangoni, na wewe uko kwa majirani unaaga. Nimemwambia anyooshe Kiswahili changu kama wanavyomfundisha shuleni, lakini maneno ya watu ayaache yalivyotoka vinywani mwao. Ana miaka kumi na mitano na haya ninayoyasema hajawahi kuyasikia. Wewe pia hujayasikia.

Sitakuambia namna ya kutunza mbegu wala namna ya kusalimia wakubwa wa kule. Mama yako atakuambia hayo kesho mpaka uchoke. Mimi nitakuambia habari za mguu wako.

Umekua ukijua kwamba shangazi yako Tereza ndiye aliyekulemaza. Watu wote wa mlima huu wanajua hivyo. Walijua kwa sababu mimi niliwaambia. Nilisema uongo.

Tereza alikuwa dada yangu mkubwa. Mama yetu alikufa mimi ningali natambaa, na Tereza, ambaye hata maziwa yalikuwa hayajamwota, alinibeba mgongoni akilima. Hakuzaa. Mumewe alipomchoka kwa ajili hiyo, alirudi kwangu na jembe lake na sufuria moja, nikamjengea kibanda cha nyasi nyuma ya jiko. Kila fundo ninalofunga, nilijifunza kwake. Alikuwa akisema, "Fundo ikikaza wakati wewe unavuta, bado haujajua kufunga. Ikikaza wakati upepo njo inavuta, basi umejua." Na wewe seremala unayesifiwa misheni, mkono wako umetoka kwake kupitia kwangu. Nilikuacha udhani ni wangu.

Zamani tulikaa chini bondeni, ndani ya migomba, ambapo upepo ulipita juu ya vichwa vyetu. Kisha likaja agizo kwamba nyumba zote zipande zikapangwe mstari kando ya barabara mpya, juu ya bega la mlima. Mvua ya kwanza tu, paa letu liliondoka lote kama kofia. Wewe ulikuwa bado unanyonya. Tulijibanza chini ya kitanda, na Tereza, maji yakimtiririka usoni, akaniambia: "Yakobo, jenga nyumba ndani ya nyumba. Ile ya inje ikienda, ya ndani ibakie."

Kwa hiyo chumba kilikuwa wazo lake. Ni yeye aliyesema nguzo zizame ardhini mpaka kifuani mwa mtu. Ni yeye aliyesema chumba kiwe na paa lake fupi, la mianzi na udongo, lisiloshikana na paa kubwa hata kwa kamba moja. Mlango utazame mlima, kwa sababu upepo wetu hutoka bondeni. Na moto usiwashwe humo kamwe. Chumba ulichokichora wewe ndicho kile kile. Ulikiona utotoni ukadhani nyumba zote ziko hivyo.

Lakini kabla sijachimba shimo la kwanza, mbuzi wa Papa Lukasi, jirani yetu, waliingia katika maharagwe ya Tereza wakala mistari sita. Tereza akasimama katikati ya barabara akapiga kelele: "Lukasi! Mimi sina fimbo! Aliye juu iko na fimbo!"

Siku ya pili radi iliwapiga mbuzi wa Lukasi chini ya mti. Watatu walikufa.

Unaijua nchi yetu. Hakuna aliyeuliza kwa nini mbuzi walifungwa chini ya mti mrefu kuliko yote wakati wa mvua. Walisema radi imetumwa. Wanawake wakaacha kumwomba Tereza moto wa kuwashia. Yeye akawacheka. Siku moja kisimani aliwaambia: "Kama ningekuwa na moto ya mbinguni, ningepuliza hizi kuni mbichi kila asubui mpaka machozi inanitoka?" Walicheka, lakini walicheka wakitazama chini, na njia ya kurudi walimwacha atangulie peke yake.

Lukasi alikuja kunywa pombe ya ndizi kwangu. Akasema polepole, kama rafiki: "Yakobo, radi inafuata bwana yake. Ukimuweka mule ndani na mutoto wako, umeita moto mwenyewe."

Mimi nilikuwa nimebatizwa. Katekista alikuwa ametufundisha kwamba hayo ni maneno ya bure. Nilimwamini katekista Jumapili, na siku za mawingu nilimwamini Lukasi.

Unajua tunavyopima chumba cha kulala. Hatutumii kamba. Watu wa nyumba hulala chini, ubavu kwa ubavu, tunachomeka vijiti kichwani na miguuni, na hicho ndicho chumba. Nilingoja Tereza aende sokoni Lushebere. Kisha nikamwambia mama yako alale, nikakulaza wewe katikati, nikalala mimi. Mama yako, akitazama juu, aliniuliza, "Na dada?"

"Dada ako na nyumba yake."

Tereza aliporudi alivikuta vijiti. Alitua kikapu. Aliingia katikati, akasimama pale ambapo angekuwa amelala, na kijiti kilikuwa karibu na kidole chake cha mguu. Kesho yake alikuja na mzigo wa kamba za msituni, akafunga na mimi paa lile la ndani tangu asubuhi mpaka jioni, fundo kwa fundo. Alikifunga chumba akijua si chake. Siku ya kuweka mlango aliona ninachonga komeo nene la kuzuia kwa ndani, akaniuliza jambo moja tu.

"Komeo iko ya nini? Upepo haipigi hodi."

Nilijifanya kutafuta shoka.

Misimu kadhaa ilipita. Kila dhoruba ilipokuja sisi tuliingia chumbani, na yeye alibaki katika kibanda chake akishika nguzo kwa mikono miwili. Asubuhi tulimkuta akirudisha nyasi juu. Alitusalimia vizuri. Mtu huzoea haraka sana kuona mwingine akilowa, na mimi nilizoea upesi kuliko nilivyozoea barabara.

Feza alipozaliwa, wewe ulikuwa na miaka mitano. Tulikupeleka kwa bibi yako, kule Nyabiondo, ili mama yako apumzike. Tereza alikuwa na shamba upande ule. Siku ya tatu, hatukujua, alipita kwa bibi yako akakukuta unalia unamtaka mama yako, huli. Akakubeba. Mtoto wa miaka mitano, mgongoni, njia yote ile ya vilima, kwa sababu ulikuwa unalia. Bibi yako alinieleza hayo baadaye, nilipokuwa nimekwisha kusema uongo wangu na watu wamekwisha kuupokea.

Mchana uligeuka rangi ya majivu. Mvua ya mawe ilianza, kisha upepo. Niliingia na mama yako na Feza mchanga, nikashusha komeo. Paa la nje lilikwenda. Tulisikia linavyokatika, na mianga ya radi ikawa inaingia kwenye nyufa za mlango, nyeupe, mpaka niliona meno ya mama yako.

Kisha kiganja kikapiga mlango.

"Yakobo! Fungua! Niko na mutoto!"

Nitakuambia nilichojibu, kwa maneno yenyewe. Nilisema, "Mutoto gani? Wewe hauna mutoto!"

Mwanamke ambaye hakuzaa, aliyenibeba mimi mgongoni. Huko nje akanyamaza. Nilidhani nimemshinda.

Kisha akasema, si kwa kelele tena, "Bahati. Niko na Bahati."

"Bahati iko Nyabiondo. Wacha uongo."

Mama yako aliinuka na Feza mkononi, akashika komeo kwa mkono mwingine. Nilimpiga mkono huo. Nilimwambia, "Ukifungua, moto inaingia." Aliniangalia. Bado naona alivyoniangalia.

Hapo nilikusikia. Hukulia. Ulisema, "Papa." Mara moja tu, kama mtu anayeita kutoka kitandani.

Nimewaambia watu wote kwamba mawe yalipiga sana na sikusikia. Padri nimemwambia hivyo hivyo katika kitubio. Nilisikia, Bahati. Niliijua sauti. Sikufikiri kwamba ni mwingine. Mkono wangu ulikuwa juu ya komeo na nilijiambia: ipite radi hii moja, nitafungua. Ikapita. Nikajiambia: na hii nyingine. Ndivyo nilivyokaa, nikihesabu radi, mpaka nikasikia jiko likianguka.

Mawe yalipokoma, nilifungua. Mlango haukusogea vizuri kwa sababu yeye alikuwa ameuegemea. Alikuwa amejikunja kwenye pembe ya ukuta na ardhi, na wewe chini yake. Nguzo ya jiko, lililopakana na mlango ule, ilikuwa juu ya mgongo wake. Alikuwa amekufunika mwili wote isipokuwa mguu mmoja. Kikwembe alichojifunga hakikuufikia.

Alikaa siku mbili. Ya tatu aliniita karibu. Nilipiga magoti. Nilikuwa nimekwisha kuandaa maneno.

"Chumba ilisimama?" akaniuliza.

"Ilisimama, dada."

"Basi nilifunga muzuri."

Akageukia ukuta. Hayo ndiyo yalikuwa ya mwisho. Usitafute msamaha ndani ya maneno hayo. Mimi nimeutafuta miaka hii yote. Haumo.

Watu walipokuja kulia, waliniuliza ilikuwaje. Niliwajibu: "Alimutoa mutoto kwa bibi yake bila kuniuliza, akamuleta katika mvua." Kila neno lilikuwa la kweli. Lukasi akatikisa kichwa, akasema, "Si nilikuambia?" Nami nikatikisa kichwa changu pamoja naye. Tulimzika upande wa chini wa shamba, karibu na mfereji, mbali na wengine, na hakuna aliyepinga.

Wewe ulipona, ukaanza kutembea hivyo unavyotembea. Wenzako wakakucheka. Ukataka kujua nani amekufanya hivyo, na nikakupa jina. Ukiwa na miaka minane uliwachukua watoto wa Lukasi mpaka pale karibu na mfereji, mkapiga kaburi kwa mawe. Ulikuwa ukipiga kelele, "Mulozi! Rudisha muguu yangu!" Mimi nilikuwa nalima hatua kumi kutoka hapo. Niliendelea kulima. Ulinitazama uone kama nitakukataza, nikainua jembe nikalishusha, na wewe ukaokota jiwe kubwa zaidi.

Mama yako alishuka jioni, akayaokota mawe yote moja moja katika kikwembe chake. Tangu siku ya dhoruba ile hajawahi kuniambia nimfungulie kitu chochote, hata mlango wa kuku. Mikono ikiwa imejaa, anatua mzigo, anafungua mwenyewe, anaubeba tena. Ulikuwa ukicheka tabia hiyo. Sasa unajua.

Feza ameacha kuandika. Nimemwambia aendelee. Naye alikuwamo ndani siku ile, mkavu, amelala usingizi mpaka mwisho. Hana kosa, lakini ni vizuri ajue usingizi wake ulilipiwa na nani.

Sasa turudi kwenye karatasi yako.

Najua utasema nini. Utasema mambo yako si kama yangu. Wewe huogopi radi ya kutumwa, umesoma. Wewe una sababu safi: ni heshima. Mtu na mama mkwe wake hawalali bega kwa bega katika chumba chembamba, watu watasema nini. Juzi uliniambia hivyo, ukiwa umesimama vizuri, na mimi nilikusifu, sikuwaza siku ya upepo. "Mama mukwe, Papa, ni mutu wa kuheshimiwa. Atakaa jikoni, kule ako na uhuru." Nilikusifu kwa sababu nilikuwa nimesikia sauti yangu, na sauti ya mtu mwenyewe humpendeza. Mimi nilisema ana nyumba yake. Wewe unasema ana uhuru.

Na juzi hiyo hiyo nilikusikia ukimtania Mapendo nje, "Mama yako na ile mudomo yake, ataleta mvua mbele ya kufika." Mapendo alicheka. Alicheka akitazama chini, Bahati. Cheko hilo nimelijua tangu kisimani.

Heshima nayo ni komeo. Limechongwa vizuri zaidi kuliko langu, basi. Siku upepo ukija, yule mama atakuwa jikoni, penye nguzo nyembamba kuliko zote, na huenda mtoto wako atakuwa mgongoni mwake, kwa sababu watoto hulala kwa bibi zao. Wewe utakuwa ndani na mkono juu ya komeo. Usijidanganye kwamba wakati huo utakuwa mtu mwingine. Mimi pia nilidhani nampenda dada yangu. Nilikuwa nampenda.

Ongeza chumba urefu wa mtu mmoja. Katikati tundika mkeka mzito toka juu mpaka chini, na upande wake umtobolee mlango wake mwenyewe, aingie bila kupita mbele yako. Heshima itakaa kwenye mkeka. Na usipime kwa kukisia. Mwombe Mapendo amlaze mama yake chini, siku hiyo wewe ondoka ukakate miti, na ukirudi uvikute vijiti vyake kando ya vyenu, vijiti vya watu wanne. Kwenye milango yote miwili usiweke komeo. Weka kishikizo chepesi ambacho mtu aliye nje, mwenye mtoto mkono mmoja na mzigo mkono wa pili, anaweza kukiinua kwa kiwiko. Ukikosa usingizi kwa kuogopa wezi, kosa usingizi.

Barua hii Feza ataiweka ndani ya sanduku lako la vyombo, chini ya randa. Utaikuta siku ya kuanza kazi. Sikukupa mkononi kwa sababu naogopa uso wako. Usiseme kwamba ni kwa sababu nyingine. Ukitaka kurudi kunitukana, njia unaijua. Ukitaka kutorudi, pia nitaelewa, lakini mama yako utakuwa umemwadhibu bure.

Nilitaka kumalizia hapo. Lakini mama yako alikuwa ameketi nyuma ya ukuta anapukuchua maharagwe, na kumbe amesikia yote. Amekuja na ungo wake. Amemwambia Feza arudie kusoma pale mawe yalipokoma. Feza amesoma: "Mawe yalipokoma, nilifungua."

"Nani alifungua?" mama yako ameuliza.

"Feza, andika. Yeye hakufungua. Mawe ilikoma, upepo ilikoma, ndege ilianza kulia, na yeye bado ameshika ile komeo. Nilimuuma mukono mpaka akaiacha. Mimi njo nilifungua."

Feza ameniuliza kama afute maneno yale ya kwanza. Nimemwambia asiyafute. Uyaone yote mawili, jinsi nilivyosema uongo hata ndani ya barua ya kusema kweli. Kovu hili la mkono wangu wa kulia, nililokuambia ni la mbwa wa Lukasi, ni la meno ya mama yako.

Karatasi yako imo humu. Alama ya nne imechorwa ndani ya chumba kwa mkaa. Nilitaka kuichora mimi. Mama yako ametua ungo, amenitoa mkaa mkononi, akaichora mwenyewe.

Baba yako,
Yakobo